Kamanda anajua, mama hajui

UKIALIKWA chai katika nyumba yoyote ya mtaa wa Makongeni (nasema Makongeni ya Thika, si ile ya Nairobi ya watu wa reli), tupia jicho ukutani kabla ya kuketi. Utaona kalenda ya duka la chakula cha mifugo, picha ya harusi ya miaka ile bwana harusi alipovaa suruali pana miguuni, na picha ya mtoto aliyehitimu chuo. Na siku hizi, katika nyumba zisizo chache, utaona kijana aliyevalia sare za jeshi ambalo si letu, bendera ya nyota na milia ikiwa nyuma yake, amekaza uso kama aliyeambiwa kwamba akicheka atafutwa kazi.

Nyumba moja kati ya hizo naijua tangu utotoni. Kijana wa pichani nilikuwa nikimshika mkono kumvusha barabara ya Garissa tukienda shule, na hadi leo huniita dada ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Alishinda bahati nasibu ya viza za Marekani, akaenda, akabeba mizigo ghalani kwa miezi kadhaa, kisha akajiunga na jeshi la nchi kavu la huko. Mamake huipangusa picha hiyo kila Jumamosi. Mgeni akiingia huambiwa cheo cha kijana kabla hajaulizwa kama atakunywa chai au uji.

Mwezi wa Desemba alinipigia simu usiku, akaniuliza kama niko peke yangu. Halafu akasema, "Dada, nimefunga ndoa." Nikaanza kupiga vigelegele. "Ngoja kwanza," akanikatiza. "Niliyefunga naye ndoa ni mwanamume mwenzangu."

Nilinyamaza kwa muda ambao hata sasa naona haya nikiukumbuka. Kisha nikauliza lililonijia kwanza: je, jeshini wanajua? Akacheka. "Kamanda wangu alikuwa miongoni mwa walioalikwa. Kamanda anajua. Wewe sasa unajua. Asiyejua ni mama."

Haya unayosoma ameyasoma yeye kwanza, nami nimebadilisha mambo mawili matatu ili mtu asije akaanza kuhesabu milango. Wenye picha ya namna hiyo ukutani ni wengi, na huenda, msomaji, wewe ni mmoja wao.

USIULIZE, USISEME

Kabla hatujaendelea, neno moja kuhusu majina. Wengi wetu tunapozungumzia watu hawa husema "mashoga". Lakini nenda Mombasa au Lamu uwasikilize akina mama: shoga ni rafiki wa kike, na mwanamke humwita mwenzake hivyo kwa mapenzi mema bila mtu kugeuka kutazama. Kwa hivyo hapa nitasema tu watu wanaopenda wenzao wa jinsia moja. Ni maneno mengi, lakini hayamtukani mtu.

Laiti kijana wetu angejiunga na jeshi hilo miaka michache mapema, simu ile isingepigwa. Itakumbukwa kwamba Bill Clinton alipogombea urais mwaka 1992 aliahidi kuondoa marufuku iliyowazuia watu hao kuwa wanajeshi. Majenerali walikataa, Bunge likakataa, na kilichopatikana mwaka 1993 kilikuwa nusu mkate: sheria iliyojulikana kwa jina la "Usiulize, Usiseme". Mkubwa asimuulize askari anampenda nani, na askari naye asiseme. Akisema, au akibainika, anakwenda nyumbani.

Kwa maneno hayo inaonekana sheria ya upole. Lakini hebu fikiri maana yake katika maisha ya kila siku. Picha ya mpenzi haiwezi kubandikwa kwenye sanduku. Barua inaandikwa kwa jina la uongo. Jumatatu wenzako wakisimulia walivyomaliza wikendi, wewe unageuza "yeye wa kiume" kuwa "yeye wa kike". (Kwa Kiingereza ni kazi kubwa hiyo, Kiswahili chetu, kwa bahati, kina "yeye" mmoja tu.) Mwenye kinyongo nawe anaweza kukumaliza kwa barua moja isiyo na jina. Zaidi ya wanajeshi 13,000 walifukuzwa chini ya sheria hiyo, wakiwemo makumi ya waliokuwa wamefunzwa Kiarabu, na hilo wakati jeshi lenyewe likipigana Iraq na likilia kwamba halina wakalimani.

Hapo ndipo kisa kinapotukaribia sisi. Mwaka 2009 jeshi hilo hilo, kwa kukosa watu wenye lugha na ujuzi, lilianza mpango wa kuwasajili wageni waliokuwa Marekani kihalali hata bila kibali cha kudumu, mradi wajue lugha fulani. Kiswahili kilikuwa katika orodha. Wanafunzi wengi kutoka Kenya waliingia kwa mlango huo kabla haujafungwa mwaka 2016. Mmoja wao ni Paul Chelimo, aliyezaliwa Iten, akajiunga na jeshi mwaka 2014 na kuipatia Marekani nishani ya fedha ya mita 5,000 mjini Rio mwaka 2016. Tulimpigia makofi huku tukinung'unika kwamba ni wetu.

Mwaka 2010 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliwauliza wanajeshi wenyewe. Takriban 115,000 walijibu, na asilimia 70 hivi walisema kuondolewa kwa marufuku hiyo kungeleta matokeo mazuri, au mchanganyiko wa mazuri na mabaya, au kusingebadilisha lolote. Wasiwasi ulikuwa mkubwa zaidi katika vikosi vya mstari wa mbele, na ripoti haikuficha hilo. Rais Barack Obama alitia saini kufutwa kwa sheria hiyo tarehe 22 Desemba mwaka huo, na tarehe 20 Septemba 2011 marufuku ikafa rasmi. Siku iliyofuata makurutu waliamshwa kwa kelele zile zile, wakakimbia kilomita zile zile.

Nisikudanganye lakini kwamba mlango ukifunguliwa haufungwi. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Rais Donald Trump aliamuru wanajeshi waliobadili jinsia waondolewe, na mwezi Mei Mahakama ya Juu ya Marekani ikaruhusu amri hiyo itekelezwe huku kesi zikiendelea. Kijana wetu hamo katika kundi hilo. Hata hivyo, ananiambia, siku hiyo hakula chakula cha mchana.

WAINGEREZA WA KAHAWA

Msomaji wa Thika na Ruiru hana haja ya kwenda Marekani kutafuta mfano. Kila upandapo matatu kwenda Nairobi unapita Kahawa, na ndani ya kambi ya jeshi ya Kahawa, Waingereza wana kituo chao kidogo kiitwacho Kifaru, tawi la kikosi chao cha mafunzo kilichoko Nanyuki. Na wewe mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, je, unajua unasomea wapi? Chuo hicho kilianzia katika kambi ya Waingereza iliyoitwa Templer, waliyoikabidhi serikali yetu mwaka 1965. Mahali unapopanga foleni ya chakula palikuwa na askari wa Kiingereza ambaye, kama angepatikana akimpenda mwenzake, angeshtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi, afungwe, na kurudishwa kwao kwa aibu.

Sheria hiyo ya Waingereza ilichukua muda kufa. Mwaka 1967 raia wa Uingereza na Wales waliruhusiwa, mradi wawe watu wazima na iwe faraghani. Wanajeshi wakaachwa nje. Mwaka 1994 likaacha kuwa kosa la jinai jeshini, lakini kazi uliendelea kuipoteza. Aliyeshukiwa aliitwa chumbani na wapelelezi, sanduku lake likapekuliwa, barua zake zikasomwa kwa sauti, na akaulizwa maswali ambayo gazeti la familia haliwezi kuyachapisha.

Wanne kati ya waliofukuzwa walikataa kunyamaza. Jeanette Smith alikuwa muuguzi katika jeshi la wanahewa, akaripotiwa na mtu asiyejitaja. Graeme Grady alikuwa sajini wa jeshi hilo hilo. Duncan Lustig-Prean na John Beckett walikuwa wanamaji, mmoja afisa wa cheo kikubwa, mwingine fundi kijana wa silaha. Hakuna aliyedai kwamba walikuwa askari wabovu. Walishindwa katika mahakama za kwao mwaka 1995, wakapeleka kilio chao Strasbourg, katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Tarehe 27 Septemba 1999 mahakama hiyo ilisema kuwapeleleza na kuwafukuza hivyo kulivunja haki yao ya kuwa na maisha ya faragha. Tarehe 12 Januari 2000 serikali ya Uingereza iliondoa marufuku.

Kulikuwa na hofu ya makamanda kujiuzulu na mabweni kuvurugika. Wizara yao ilipotathmini baadaye ilikuta jambo limepita bila zogo. Kilichobaki ni deni kwa waliokwisha umizwa: watu waliopoteza pensheni, waliovuliwa nishani, walioambiwa wasivae tena sare hata siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Joe Ousalice, mwanamaji aliyepigana katika vita vya Falkland na kufukuzwa mwaka 1993, alirudishiwa nishani yake mwaka 2020, akiwa mzee. Mwaka 2023 Waziri Mkuu Rishi Sunak aliwaomba radhi Bungeni, na mwaka 2024 serikali ikatenga pauni milioni 75 za fidia.

Nisieleweke kwamba nawasifu Waingereza wa Nanyuki. Familia ya Agnes Wanjiru, msichana wa miaka 21 aliyeuawa huko mwaka 2012, bado inasubiri haki, na uchunguzi wa mahakama yetu mwaka 2019 uliwanyoshea kidole wanajeshi wa Kiingereza. Ninachosema ni kwamba kwa miaka mingi jeshi lile lilikuwa na wapelelezi wa kutosha kusoma barua za mapenzi.

SAJINI MSTAAFU

Makongeni yetu ina wazee waliovaa sare, maana Thika ni mji wa jeshi pia. Batalioni ya 12 ya wahandisi iko hapa. Mmoja wao, sajini mstaafu, huketi jioni kando ya kibanda cha fundi viatu. Nilimpelekea swali langu pamoja na soda, bila kumtaja kijana.

"Binti yangu, jeshi si ofisi," aliniambia. "Sisi tulilala watu thelathini bweni moja, tukaoga pamoja. Askari akianza kumwogopa mwenzake bafuni, atamwaminije vitani?"

Nikamuuliza kama katika miaka yake yote hakupata kumjua hata mmoja. Alikunywa soda. Fundi viatu akaacha kugonga msumari.

"Alikuwako," akasema mwishowe. "Sote tulijua. Hakuna aliyesema."

"Alikuwa askari wa namna gani?"

"Wa redio. Usiku wa doria, ungependa awe yeye."

"Ikawaje?"

"Alihamishwa. Sikusikia habari zake tena." Kisha akanitazama kama aliyehisi nimemtega. "Lakini bado nasema hapana. Andika hivyo."

Nimeandika, mzee. Hoja yake ya bweni na bafu si ya kuchekwa, kwa sababu maisha ya kambini kweli hayana pazia. Lakini ni hoja yenye historia. Rais Harry Truman alipoamuru mwaka 1948 kwamba askari weusi na weupe wa Marekani wasitenganishwe tena, iliambiwa kwamba mzungu hawezi kulala kitanda cha juu na mweusi cha chini na vita vikapiganwa. Leo ndicho kitanda anacholalia kijana wa Makongeni.

Na hapa nyumbani? Wanawake wa jeshi letu waliwekwa kando katika kikosi chao peke yao hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Fatuma Ahmed, aliyejiunga mwaka 1983, alikuwa Meja Jenerali wa kwanza wa kike mwaka 2018, na mwaka 2024 akakabidhiwa jeshi zima la wanahewa. Ndege zinaendelea kuruka.

KWETU HAKUNA ANAYEULIZA

Ewe mwanafunzi unayengoja usajili wa makurutu, unajua utakavyokuwa. Uwe na miaka 18 hadi 26. Uwe na urefu wa mita 1.60. Mvulana awe na kilo 54 na ushei, msichana kilo 50, wala asiwe mjamzito. Utakimbizwa, utahesabiwa meno, utatazamwa nyayo kama ni bapa, utavuliwa nguo mbele ya daktari. Hakuna atakayekuuliza unampenda nani.

Wala hawana haja ya kuuliza, kwani jibu limo katika sheria inayomhusu kila raia. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa miaka 14 gerezani kwa kile kinachoitwa kujamiiana kinyume cha maumbile, na cha 165 miaka mitano kwa wanaume wawili wanaofanya "uchafu", hata wakiwa wamefunga mlango. Kanuni hiyo ni ya mwaka 1930, ya wakoloni, wale wale ambao kwao wameifuta. Mwaka 2019, tarehe 24 Mei, majaji watatu wa Mahakama Kuu walikataa kuvifuta vifungu hivyo. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, ilisema chama cha kutetea watu hawa hakiwezi kunyimwa usajili, na kwamba neno "jinsia" katika orodha ya Katiba ya mambo yasiyofaa kumbagua mtu linagusa pia ni nani anayempenda. Makanisa na misikiti yalipiga kelele, wabunge wakapiga zaidi. Lakini vifungu vya adhabu havikuguswa.

Sasa nitakuonyesha jambo ambalo sikuliona hadi nilipokaa na nakala ya Katiba na kikombe cha chai. Waingereza walishinda kwa hoja ya faragha. Je, askari wa Kenya anaweza kufuata njia hiyo? Fungua kifungu cha 24, ibara ya 5. Kinasema sheria inaweza kupunguza haki kadhaa kwa walio katika majeshi ya ulinzi na katika polisi, na ya kwanza katika orodha, kabla ya haki ya kukutana na kuandamana, ni faragha. Yaani mlango waliopitia akina Jeanette Smith, kwetu askari anaweza kufungiwa kwa idhini ya Katiba yenyewe. Haki ya usawa, kifungu cha 27, haimo katika orodha hiyo ya kupunguzwa. Mwanasheria kijana anayesoma ukurasa huu aweke alama hapo, ingawa simshauri akimbie mahakamani kesho maadamu kifungu cha 162 kiko hai.

Pia usidhani kwamba jambo hili ni la Wazungu peke yao. Waraka wa sera ya ulinzi wa Afrika Kusini wa mwaka 1996 ulisema askari asibaguliwe kwa ajili ya anayempenda, katika jeshi ambalo enzi za ubaguzi wa rangi liliwapeleka vijana hospitalini kupigwa umeme eti waponywe. Na askari hao tumekaa nao. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa uliunda brigedi ya kupambana na waasi mashariki mwa Kongo, yenye vikosi vya Afrika Kusini, Tanzania na Malawi. Wakenya walifuata mwaka 2021. Hebu wapange gwarideni. Wote wamevaa kofia za samawati, wote wanakula mchele wa Umoja wa Mataifa. Wa Afrika Kusini analindwa na sheria ya kwao. Mkenya na Mmalawi, miaka 14. Mtanzania wa Bara, kifungo cha maisha, na kisipungue miaka 30. Na nchi wanayoilinda, Kongo yenyewe, haina kifungu kinachotaja kosa hilo. Risasi za waasi zilipokuja Beni hazikuuliza cheti cha mtu.

FOMU NA BENDERA

Nimekuchosha na sheria, msomaji, na pengine umekwisha amua moyoni unasimama wapi. Sikuandika haya ili nikubadilishie dini yako. Nimeandika kwa sababu ya fomu.

Kila askari wa Marekani hujaza fomu ya dharura, na kuirekebisha mara kwa mara, hasa akitumwa ng'ambo. Anaandika jina la mtu wa kuarifiwa akijeruhiwa au akifa, na la mtu atakayeamua azikwe wapi. Askari asiye na ndoa huandika mzazi. Kwa miaka kadhaa fomu ya kijana wetu ilikuwa na jina moja tu na sanduku la posta la Thika. Tangu mwaka 2013 wenzi wa jinsia moja waliofunga ndoa wanatambuliwa na jeshi hilo kama wengine: nyumba, matibabu, marupurupu. Kwa hivyo alipofunga ndoa alirudi ofisini, karani akamgeuzia fomu, na mwenzi wake akaingia mstari wa juu. Mamake alishuka mstari mmoja.

"Karani hakuinua hata kichwa," aliniambia. "Aliuliza tu herufi za jina. Mimi ndiye niliyekuwa nikitetemeka."

Mungu apishie mbali, lakini tuseme lile linaloogopwa na kila mama mwenye picha ukutani. Maafisa wawili wenye sare watabisha mlango wa nyumba fulani huko Marekani, na atakayefungua ni mwanamume ambaye Makongeni haijapata kumsikia. Siku ya mazishi bendera itakunjwa pembetatu na kukabidhiwa mwenzi wa ndoa. Wazazi nao hupewa yao. Mama atakuwa amesafiri kwa ndege siku nzima, atakuwa amekaa mstari wa mbele na kitambaa kichwani, naye ataiona bendera ya kwanza ikimpita. Atauliza yule ni nani. Swali hilo litajibiwa na mtu mgeni, kwa Kiingereza, mbele ya kaburi.

Hilo ndilo linalomkosesha kijana usingizi, si kamanda, si bweni. Miaka mia moja jeshi liliwalazimisha watu kuficha. Lilipoacha, siri haikufa. Ilihama kambini ikaja kukaa sebuleni kwetu, karibu na kalenda. Aliyenipigia simu usiku ule ni mtu aliyezoea kupigiwa saluti, na alikuwa akiniuliza mimi, mwandishi wa ukurasa wa Jumapili, afanyeje.

Sikumwambia amwambie mamake, wala sikumwambia anyamaze. Nilimuuliza anaogopa nini hasa. Akasema haogopi kufukuzwa. Mamake hawezi kumfukuza mtu. Anaogopa kwamba ataiondoa picha. Sio kwa hasira, la. Ataiondoa kimyakimya Jumamosi moja, aseme kioo kimepasuka, na majirani wasiulize, naye asiseme.

Baba yake aliaga dunia zamani. Kuna mjomba ambaye ni mzee wa kanisa, na kuna dada mdogo aliye chuoni ambaye nadhani anajua tayari, kwani wasichana wa siku hizi hawafichiki kitu. Kijana anasema labda ataanza na yeye. Labda atakuja mwenyewe Agosti, peke yake, kwa sababu kuja na mwenzake nchi yenye kifungu cha 162 ni jambo la kufikiria mara mbili hata kwa mwenye pasipoti ya Marekani.

Jumapili iliyopita nilikuwa sebuleni hapo. Simu ililia, mama akaiweka kwenye sauti kubwa kama kawaida yake, maana anaamini simu ya ng'ambo ni ya nyumba nzima. Akamuuliza kama amekula.

"Tumekula, mama. Tumepika ugali."

"Wewe na nani?"

Nilitazama kikombe changu.

"Na huyu tunayekaa naye."

"Yule Mmarekani? Anajua kusonga?"

"Anajifunza. Bado unamshinda."

"Mwambie asitie chumvi. Hao hutia chumvi."

"Nimekwisha mwambia."

"Haya, mwambie namsalimia."

Tulimsikia akigeuka na kusema kitu kwa Kiingereza. Kisha, kutoka mbali kidogo, kama mtu aliye jikoni, sauti nzito ya kiume ikajibu kwa Kiswahili cha kukwamakwama: "Asante, Mama."

Mama alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya leso. Akainuka kunitilia chai nyingine.